Kugeuza friji kuukuu kuwa kabati la kuchachushia bia

Hamira za bia aina ya eli hutulia vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 20 za sentigredi. Nyingi za laga hutaka nyuzi 10 hadi 13. Mwezi wa Februari, chumba cha Dar es Salaam au Mombasa hupita nyuzi 30 mchana. Juu ya hapo, hamira yenyewe hutoa joto inapokula sukari. Siku tatu za mwanzo, ndoo ya lita 20 huweza kuzidi hewa inayoizunguka kwa nyuzi 3 hadi 5. Bia iliyochachuka katika joto hilo hunuka ndizi au vanishi na huunguza koo, na hata ukiiweka miezi haitengemai. Kwa hiyo kinachodhibitiwa ni joto la bia, si la hewa ya ndani ya friji. Kazi yote inayofuata inasimama hapo.

Tafuta friji ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha. Za kisasa zenye vibonye vya kidijiti zinasumbua, kwa sababu baadhi hazijiwashi zenyewe umeme ukikatwa na kurudi. Kabla ya kulipa, iwashe kwa muda wa saa mbili uone kama inapoza kweli, kisha ingiza ndoo yako ikiwa na kizibo chake cha maji (kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) juu. Pima hasa chini kwa nyuma, kwenye nundu inayofunika kompresa, maana hapo ndipo ndoo nyingi hugomea. Kipande cha plaiwudi cha milimita 18 kilichonyanyuliwa kwa vibao humaliza shida hiyo. Rafu za kioo zitoe. Hazikuumbwa kubeba kilo 25.

Kidhibiti joto, kifaa kinachowasha na kuzima friji kufuata joto la bia, cha bei nafuu ni STC-1000. Hakikisha ni cha volti 220, kwa kuwa vipo vya 12 na 110 vyenye sura ileile. Kama hujazoea nyaya, nunua Inkbird ITC-308, ambayo huja na plagi na soketi mbili tayari, au mpe kazi fundi umeme.

Nyaya za STC-1000 hufungwa plagi ikiwa imechomolewa. Waya wa moto, ule wa kahawia, unaingia namba 1, na kutoka hapo unarukishwa kwenda 5 na 7. Waya wa buluu unaingia namba 2 na kwenye soketi zote mbili. Namba 6 inapeleka moto kwenye soketi ya kupasha, namba 8 kwenye soketi ya kupoza, ambayo friji huchomekwa. Waya wa ardhi, wa kijani na njano, unakwenda moja kwa moja kwenye soketi zote mbili, usiuache. Kihisi joto kinafungwa 3 na 4, upande wowote. Wengi hukwama kwa kusahau ile mirukisho miwili: 5-6 na 7-8 ni swichi tupu, hazitoi umeme wake zenyewe. Kioo kitawaka, namba zitasoma, friji itabaki kimya. Funga vyote ndani ya boksi la plastiki, nje ya friji, mbali na maji.

Mipangilio ni minne. F1 ni joto unalotaka, weka 18. F2 ni tofauti inayoruhusiwa, 0.5 inatosha. F3 ni dakika ambazo kompresa husubiri kabla ya kuwaka tena. Weka 5 au zaidi, kwani kompresa inayowashwa huku shinikizo la gesi halijashuka hufa mapema. F4 husahihisha kihisi. Kitumbukize kwenye glasi ya barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, subiri dakika tano, kikisoma 0.7 badala ya sifuri, weka -0.7. Kitufe cha friji yenyewe kizungushe hadi baridi ya mwisho ili kidhibiti pekee ndicho kiamue.

Kihisi kibandike ubavuni mwa ndoo, katikati ya kimo cha bia, ukifunike kwa kipande cha godoro cha sentimita tatu na kukifunga kwa solotepu. Kikining'inia hewani, kila ukifungua mlango kompresa inaamka, huku bia ikiwa nyuzi 23 na kioo kikisoma 18. Waya upitishe kwenye mpira wa mlango. Usitoboe ukuta: kwenye friji nyingi mabomba ya gesi yamelala ndani ya kuta, na tundu moja linaua friji.

Pwani hutahitaji kupasha. Njombe au Limuru mwezi wa Julai utahitaji: globu ya zamani ya wati 40 ndani ya kopo la chuma la maziwa ya unga, isiguse plastiki. Kopo ni la lazima kwa sababu mwanga unaofika kwenye hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, huipa bia harufu mbaya kama ya kicheche.

Maji ya kimea yaliyotoka jikoni yakiwa na nyuzi 30 huchukua usiku mzima kufika 18 ndani ya friji. Funika, subiri, tia hamira asubuhi. Siku ya nne au ya tano pandisha hadi 20, ili hamira imalize sukari na kuondoa harufu ya siagi. Haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki, ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, shusha hadi 2 ili masimbi yatuame. Hapo bia na hewa iliyo juu yake husinyaa na kufyonza maji ya kizibo hadi ndani ya ndoo, kwa hiyo badilisha maji hayo kwa konyagi kabla ya kushusha.

Unyevu huzaa ukungu mlangoni; pangusa kila wiki kwa maji yenye jiki kidogo, uache pakauke. Umeme ukikatika, usifungue mlango: lita 20 hupata joto polepole.