Feni ya Kompyuta Ikipiga Kelele, Isikilize Kwanza

Kazi yangu ni kufungua na kutengeneza kompyuta, na ombi ninalolipata kila mara ni hili: "Fundi, feni inapiga kelele, nibadilishie." Ninaomba niiwashe kwanza niisikilize, kwa sababu mara nyingi feni yenyewe ni nzima. Feni haijipangii kasi. Ndani ya prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote, mna vipima joto, ubao mama (ubao mkuu unaounganisha sehemu zote) unasoma vipimo hivyo, na joto likipanda unaiamuru feni izunguke haraka zaidi. Kwa hiyo kompyuta inayovuma ina joto ambalo limeshindwa kutoka. Ukiweka feni mpya na joto ukaliacha palepale, na hiyo mpya itavuma vilevile.

Zima redio, sogeza sikio karibu na matundu ya hewa. Mvumo mpana wa upepo unaopanda na kushuka ni joto. Sauti ya kukwaruza au kugonga, hasa mashine inapowashwa ikiwa bado baridi, ni beringi iliyochakaa, au waya uliolegea ukawa unaguswa na mapanga ya feni. Kuna na mlio wa tatu, mwembamba kama wa mbu, unaobadilika ukianza mchezo au hata ukipandisha ukurasa. Huo hautoki kwenye feni kabisa. Ni koili za umeme kwenye ubao au kwenye kadi ya michoro zinatetemeka. Unakera, lakini hauharibu kitu, na hata usafishe feni namna gani hautaondoka.

Tuseme umesikia mvumo wa upepo. Usikimbilie bisibisi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha panga orodha ya programu itakayofunguka kwa matumizi ya prosesa. Kwenye Mac fungua Activity Monitor, kwenye Linux fungua terminali uandike top. Pengine utakuta kivinjari chenye tabo nyingi, au programu ya kuzuia virusi inakagua diski nzima, au mfumo umetoka kusasishwa na unapanga mafaili yake. Hilo la mwisho liache limalize, litatulia lenyewe.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: prosesa inatumika asilimia 5 tu, huna ulichofungua, lakini kipimo cha joto, kwenye programu ya kuonyesha joto la prosesa, kinasoma nyuzi 80 za Selsiasi na feni inanguruma. Hapo hakuna programu ya kulaumu. Njia ya hewa imeziba. Kwa kawaida mashine iliyotulia hukaa kwenye nyuzi 40 hadi 50, na kazi nzito ikiipandisha hadi 80 na kitu si jambo la kutisha. Ikikaribia 95 au 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, ndiyo maana kompyuta inayovuma sana mara nyingi pia inakuwa nzito.

Kwa laptopu, angalia ilipokaa. Nyingi huvuta hewa kutoka chini na kuitoa pembeni au nyuma. Ukiiweka juu ya godoro au mto, umeiziba pumzi. Iweke mezani na uinue upande wa nyuma sentimita 2 au 3. Mara nyingine hilo peke yake linatosha.

Isipotosha, fungua. Zima kabisa, si kuiweka usingizini (sleep) tu, chomoa chaja, na ukishatoa kava la chini chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kitu kingine. Skrubu zipange kwa mpangilio ulivyozitoa, maana urefu wake hutofautiana, na ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa kava au kuharibu ubao.

Sasa fika pale ambapo wengi hawafiki. Wanapuliza kwa nje, vumbi kidogo linatoka, wanafurahi, na baada ya muda mfupi kelele inarudi. Vumbi lenyewe liko kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba au alumini ambayo hewa hupita ikitoka nje. Toa skrubu za feni, inyanyue, utakuta pamba nzito ya kijivu imejishika mlangoni mwa mapezi, imechanganyika na nywele. Ukipuliza kutoka nje unairudisha ndani tu. Ing'oe kwa kibano au brashi kavu, ikiwezekana itoke nzima, ndipo upulize kilichobaki.

Unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Upepo wa blowa huizungusha kupita kasi iliyotengenezewa, na beringi inaumia. Kopo la hewa lishike wima, ukiliinamisha linatema kimiminika.

Kama joto halishuki hata baada ya kusafisha, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bomba la kupoozea huenda imekauka. Fungua skrubu za bomba ulitoe, kisha ifute pesti yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha weka tone jipya la milimita 4 hivi katikati. Usiipake kwa wingi, kazi yake ni kujaza mianya tu. Skrubu za bomba zirudishe kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake, kidogo kidogo kwa kupokezana, ili mkandamizo uwe sawa.

Kwa kompyuta ya mezani, hakikisha feni za mbele zinaingiza hewa na ya nyuma inaitoa. Feni nyingi husukuma hewa kuelekea upande wenye fremu ya kushikilia mota. Na kama kasha lina nafasi, chagua feni ya milimita 120 au 140 badala ya 80: inasukuma hewa ileile kwa mzunguko mdogo, kwa hiyo kelele inapungua.

Ile sauti ya kukwaruza haina dawa ya kudumu. Mafuta yanaweza kuituliza kwa muda, lakini mimi sishauri, maana beringi iliyokwisha husimama siku ambayo hukutarajia. Nunua nyingine kwa namba ya modeli iliyo kwenye stika yake, na ulinganishe idadi ya pini, volti na unene.

Ukishafunga, rudia kazi ileile iliyokuwa ikiivumisha na usome tena kipimo cha joto. Joto likiwa limeshuka lakini feni bado inapanda na kushuka kila sekunde, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, na uiongezee feni muda wa kuchelewa kuitikia, ukiipata sehemu hiyo. Sekunde chache zinatosha.