Kuvua ranifleti na kuvisha mipira ya kawaida: Mini na BMW ndogo kwenye barabara za Unguja na Pemba

Mini Cooper na BMW 1 Series zinazokuja kutoka Japani nyingi zimevishwa mipira ya ranifleti. Huu ni mpira wenye ubavu mnene uliotiwa nguvu, hata upepo ukiisha unaibeba gari bila ya kulala chini. Watengenezaji wengi wanaruhusu kwenda nao mtupu kiasi cha kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Unguja yenyewe, ncha hadi ncha, ni kilomita 85 hivi. Ukipata pancha Nungwi unarudi nao mjini. Hilo ni jema kubwa, hasa kwa anayepita msitu wa Jozani peke yake usiku, na ndilo unaloliacha ukiuvua. Lijue mapema.

Tabu iko kwenye siku zote ambazo huna pancha. Ubavu ule haunyumbuki. Kila tuta na kila kiraka cha lami kinapanda hadi kwenye kiti, na mvumo wa barabara unaingia ndani ya gari. Ukipiga shimo, ringi ndiyo inayopinda au kupasuka, kwa sababu mpira haukunywa kishindo. Kwenye Mini hata bati la bodi pale shokapu ya mbele inaposhika kwa juu huvimba; fungua boneti uangalie kama pande mbili zinalingana. Na ranifleti iliyokwisha kuendeshwa bila ya upepo kwa kawaida haizibwi tena, inatupwa.

Kwanza hakikisha mlio ni wa mpira

Endesha kilomita 60 mpaka 70 kwa saa kwenye lami nzuri, vioo vimefungwa, redio imezimwa. Mlio ukibadilika kila lami inapobadilika, ni mpira. Ukibaki ule ule lakini ukazidi unapokata kulia na kupungua unapokata kushoto, shuku beringi ya gurudumu la kushoto, maana uzito umeegemea huko. Kinyume chake, shuku ya kulia. Kugonga kwenye mashimo ni bushi, stabilaiza linki (kifimbo kinachozuia gari kulala kwenye kona) au shokapu, na mpira mpya hautakutibia hayo.

Kisha simamisha gari, pitisha kiganja juu ya uso wa mpira kuelekea mbele, halafu kirudishe nyuma. Kikienda laini upande mmoja na kukwaruzwa na meno kama ya msumeno upande wa pili, mpira umelika vibaya na alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, imekwenda kombo. Tengeneza hilo pamoja na kubadilisha mipira, la sivyo mipya nayo itaanza kuvuma baada ya miezi michache.

Soma ubavuni pia. RSC, RFT, SSR, ROF au ZP zote ni alama za ranifleti, kila kampuni na yake. Usipoikuta hata moja, huenda aliyekutangulia keshabadilisha, na unatembea bila ya spea wala ranifleti.

Saizi ndiyo inayoleta utulivu

Watu hukimbilia kuuliza chapa. Angalia kwanza urefu wa ubavu. Mini yenye 205/45R17 ina ubavu wa milimita 92 tu. Ukishuka kwenye ringi ya 16 na 195/55R16 unapata 107. Ukiweza kushuka hadi 175/65R15 unapata karibu 114, yaani nyongeza ya sentimita mbili na zaidi za mpira na upepo kati ya ringi na shimo. Kimo kizima cha gurudumu hakibadiliki sana: 616, 621 na 609 kwa mpangilio huo, kwa hiyo spidomita inabaki karibu na ukweli. Kwa anayekwenda Matemwe au Makunduchi kila wiki, hata yale mapito ya mawe ya matumbawe baada ya lami kwisha, kushuka inchi moja kunaleta faraja kuliko kununua mpira wa bei mbaya wa inchi 17.

Ila usinunue ringi ya 15 kwa kudhani tu. Breki za mbele za Cooper S za baadaye ni kubwa, kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) inaweza kugusa ringi. Azima moja, ivishe mbele, izungushe kwa mkono kabla ya kulipa.

Namba ya uzito isipungue iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. 87 ni kilo 545 kwa mpira mmoja, 84 ni kilo 500. Herufi ya mwendo nayo isishuke.

Chagua mpira wa safari, wenye mifereji mipana inayozunguka mpira mzima na vipande vidogo vidogo visivyolingana ukubwa. Hivyo visivyolingana ndivyo vinavyovunja mvumo. Mifereji usiidharau, maana Masika yakishuka ndiyo inayotoa maji chini ya mpira. Mipira ya soko la Ulaya ina kibandiko chenye kiwango cha mlio kwa desibeli, na tofauti ya desibeli 3 ni nguvu ya sauti mara mbili. Kumbuka tu kwamba kipimo kile kimechukuliwa nje, kando ya barabara. Kinasaidia kulinganisha, hakikuambii utakachosikia ukiwa ndani.

Tarehe: tafuta DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira uliopigwa jua miaka mitatu mbele ya duka si mpya, hata kama haujagusa lami. Na kwenye mitumba ya Japani angalia neno STUDLESS. Hiyo ni mipira ya theluji: laini, ina mikato myembamba mingi, inavuma kwenye lami ya moto na inalika haraka sana. Wengi huinunua kwa sababu kashata zake bado nene.

Badilisha yote minne. Ranifleti na mpira wa kawaida kwenye ekseli moja ni hatari, pande mbili hazinyumbuki sawa na gari inavuta upande unapofunga breki. Mbele aina hii na nyuma aina ile, nako gari haitabiriki kwenye kona.

Kwa fundi

Kabla hujatoka nyumbani tafuta kichwa cha boliti ya kufuli. Hukaa butini pamoja na vifaa, na gari nyingi zinafika bila ya kuwa nacho. Bila ya hicho, boliti moja katika kila gurudumu haifunguki.

Ringi hizi zimetengenezwa kwa ajili ya ranifleti: ndani zina kingo zilizoinuka zaidi, makusudi mpira mtupu usichomoke. Zinakubali mpira wa kawaida bila ya tatizo. Kazi iko kwenye kuvua. Mpira mgumu ukikutana na kingo zile unamshinda fundi wa mataimbo na nyundo, na anaposhindwa huongeza nguvu, ringi inachubuka au kupasuka ukingoni. Mwambie mapema: “Fundi, hizi ranifleti, zinataka mashine yenye mkono wa kusaidia.” Akiwa hana, zipakie ringi uzipeleke panapo mashine. Fundi muungwana atakwambia mwenyewe.

Legeza boliti nusu mzunguko gari ikiwa bado chini, kisha ipandishe kwa jeki kwenye vikalio vyake. Toa kiini cha valvu upepo uishe wote. Mpira ubanduliwe pande zote mbili kwa maji ya sabuni mengi. Petroli na grisi haziruhusiwi, zinaula mpira au kuufanya uteleze kwenye ringi.

Ringi ikibaki tupu, hapa usiwe na haraka. Chumvi ya bahari huota kwenye aluminiamu kama unga mweupe, hasa pale mdomo wa mpira unapokaa. Ukiuvisha mpira mpya juu ya unga huo utapoteza upepo kidogo kidogo kila wiki, na utamlaumu aliyekuuzia mpira. Sugua kwa brashi ya waya laini kisha msasa namba 120 mpaka chuma kionekane kisafi, futa, na kama kuna vishimo paka gundi ya mdomo wa mpira. Weka valvu mpya kila ringi.

Wakati wa kuvisha angalia mshale wa mzunguko, au neno OUTSIDE kama lipo. Doa la njano likielekezwa kwenye valvu, risasi za balansi (vizito vya kusawazisha gurudumu) zinapungua. Jaza upepo mpaka mdomo ukae, kwa kawaida unasikia mlipuko mdogo mara mbili. Ukifika PSI 40 haujakaa, acha. Toa upepo, paka sabuni tena, zungusha mpira, jaza upya. Kuzidisha upepo kunaweza kuua mtu. Mstari mwembamba uliopo ubavuni uwe sawa kutoka ukingo wa ringi pande zote. Ukiwa umezama mahali, mpira haujakaa na utatikisika hata ukibalansi mara tatu.

Balansi isirukwe. Risasi za gundi zibandikwe mahali palipofutwa kwa spiriti, zikibandikwa juu ya vumbi zitaruka njiani kabla hujafika Tunguu. Kabla ya kurudisha gurudumu, sugua kutu kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu linakalia. Kutu ya nusu milimita inatosha kuleta mtikisiko. Grisi kidogo pete ya katikati ya habu, kamwe si kwenye nyuzi za boliti. Kaza kwa msalaba, kwa spana yenye kipimo: boliti za M12 (unene wa milimita 12) kwa Nm 120, Nm ikiwa kipimo cha nguvu ya kukaza, za M14 zilizo kwenye Mini za karibuni zaidi kwa Nm 140. Pima tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Maliza kwa alaimenti.

Spea, ambayo gari haikuwa nayo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanavisha mipira ya kawaida na kuondoka hivyo hivyo. Mpira wa kawaida ukiisha upepo unasimama hapo hapo. Kilomita moja tu inatosha kuukata ubavu.

Spea bora ni gurudumu kamili la saizi yako, limefungwa imara butini. Lisipofungwa, kwenye ajali linakuja mbele. Au tafuta spea nyembamba ya gari ya aina yako. Usidanganyike na ringi ya Vitz: matundu manne ya 4x100 (yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100) yanalingana na ya Mini za zamani, lakini tundu la katikati la Toyota ni milimita 54.1 na habu ya Mini ni 56.1, haiingii. Ya Honda Fit inaingia katikati, 56.1, ila pale nati zake zinapokalia pamechongwa kwa umbo la tufe na boliti za Mini zina kichwa cha koni. Itakaa kwenye ncha tu na italegea. Na kwa kuwa hizi ni boliti, hakuna msumari wa kutundikia gurudumu: weka pini ya kuongozea kwenye vifaa vyako, au utahangaika kulilenga tundu huku umelibeba gurudumu kwa magoti.

Ongeza jeki inayofika chini ya gari, spana ya milimita 17 yenye mpini mrefu, kichwa cha kufuli, kompresa ya volti 12 na nyuzi za kuzibia pancha na sindano zake. Chupa ya dawa ya pancha iliyokuja na gari itazame tarehe, mara nyingi imekwisha muda. Dawa inaziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa mpira, haizibi ubavu. Ukiitumia mwambie fundi kabla hajaufungua mpira.

Upepo na taa ya dashibodi

Fuata kibandiko cha mlangoni. Gari za Japani huandika kPa, kipimo kingine cha upepo: 220 ni PSI 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi gari ikiwa imelala. Kwa joto letu, mpira uliotoka safarini mchana huonesha PSI tatu au nne zaidi, na anayepunguza wakati huo kesho ataendesha mipira iliyolegea. Zamani ubavu mgumu ulikuficha kosa hilo, sasa hauwezi. Pima kila baada ya wiki mbili.

Gari nyingi za kundi hili hazina kifaa ndani ya mpira; zinalinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki. Mfumo huo unafanya kazi na mpira wa kawaida, lakini lazima uanzishwe upya kwenye menyu au kwa swichi yake, kisha uendeshe ili ujifunze. Usipoanzisha, taa itawaka bure au itanyamaza siku ya pancha. Na mipira yote minne ikipungua sawasawa haitambui, kwa hiyo geji ibaki mkononi.

Kilomita 200 za mwanzo nenda taratibu, uso wa mpira mpya unateleza kidogo. Usukani utauhisi mlaini, gari inalala zaidi kwenye kona, na hiyo ni kawaida ya ubavu unaonyumbuka. Ikikusumbua ongeza PSI moja, au mbili, usizidishe. Baada ya miezi miwili tazama ulikaji: ukilika katikati upepo umezidi, ukilika kingo mbili umepungua, ukilika ukingo mmoja rudi kwenye alaimenti.