Kijana wa Kikosi B: Namna ya Kumpima Kabla ya Kudai Aanze

Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wakitoka sare pale uwanja wa Lake Tanganyika, ubishi unaoanza geti la uwanja na kuishia vijiweni mtaa wa Mwanga huwa ni ule ule: kwa nini yule kijana wa timu ya vijana, yaani kikosi B, hapangwi, na mabao matano anayo? Swali ni halali, ila limeulizwa nusu. Nusu iliyobaki ni hii: mabao hayo aliyafungaje, alimfunga nani, na akipanda kikosi cha wakubwa anamtoa nani? Shabiki asiye na majibu hayo matatu kocha hana sababu ya kumsikiliza, na kijiwe nacho kitamzima kwa swali moja tu.

Vifaa ni daftari la shule, kalamu na saa ya simu. Chagua mchezaji mmoja kabla mpira haujaanza, usibadilishe hata mwingine akifunga mara tatu. Kazi ngumu ni kuacha kufuata mpira na kumfuata yeye, kwa sababu katika dakika 90 mchezaji anaugusa mpira kwa muda mfupi mno. Muda wote uliobaki anakimbia, anasimama, anajificha au anaziba njia, na ubora wake mwingi umelala humo. Kama ni kiungo, kaa katikati ya jukwaa na juu kadiri uwezavyo. Kama ni beki wa kati, kaa nyuma ya goli, maana ndipo unapoona amepishana na mwenzake kwa hatua ngapi. Winga mfuate upande wake, na kipindi cha pili uhame naye.

Gawa ukurasa vyumba sita, kila kimoja dakika 15. Ndani ya kila chumba piga vijiti kwa mambo manne tu: pasi ya mbele iliyofika, mpira aliopoteza akiwa nusu ya kwao, mpira aliounyang'anya, na mpambano wa ana kwa ana (alioshinda kijiti, alioshindwa alama ya mkasi). Ukiongeza la tano na la sita utaanza kukisia, na daftari la kukisia ni baya kuliko kukosa daftari.

Vyumba hivyo vina faida ambayo jumla haikupi. Ikiwa vijiti vizuri vyote vimejazana chumba cha mwisho, kijana anakula mabeki waliochoka. Mechi za vijana hufunguka mwishoni, wakubwa hawafunguki hivyo. Ikiwa vijiti vinakatika baada ya dakika ya 60, pumzi yake ni ya saa moja, na basi hoja yako iwe ya kumtaka atokee benchi. Kumtaka aanze ni kumchoma.

Kwa kuwa mara nyingine anatolewa mapema, geuza hesabu iwe ya dakika 90: idadi zidisha kwa 90, gawanya kwa dakika alizocheza. Pasi 11 za mbele katika dakika 65 ni kama 15 kwa mechi nzima. Lakini usiipeleke hesabu ya mechi moja popote. Subiri upate mechi nne, angalau moja ya ugenini na moja dhidi ya timu iliyo juu yao. Chini ya hapo unapima bahati.

Sasa mabao, maana ndiyo yanayopigiwa kelele. Yachambue moja moja. Toa penalti. Toa yaliyofungwa wakati timu imeshaongoza kwa matatu. Toa yaliyofungwa wapinzani wakiwa pungufu. Mfano: mshambuliaji ana mabao sita, mawili ya penalti, matatu aliyapata mechi moja ambayo wapinzani walicheza kumi tangu kipindi cha kwanza. Limebaki moja. Hilo halimfanyi mbovu, ila linakulazimu kutazama kingine: anafika mara ngapi ndani ya boksi katikati ya milingoti, bila kujali kama alifunga? Mshambuliaji anayefika hapo mara nne kila mechi na kukosa ni mali kuliko anayefunga kwa mashuti ya mita 25, kwa sababu mashuti hayo ngazi ya juu huzuiwa kabla hayajaondoka mguuni.

Kuna sifa zinazopanda na mchezaji na nyingine zinabaki chini. Mbio peke yake hubaki. Winga wa vijana anampita beki kwa kasi kwa sababu beki yule yuko peke yake. Juu atakuta kiungo amekuja kusaidia na nafasi ya kukimbilia imezibwa. Kwa hiyo tafuta zile dakika alizokabwa na wawili: alirudisha mpira nyuma kwa utulivu, alitafuta faulo, au alijaribu kupita katikati akapoteza? Akipoteza tatu kati ya tatu, bado. Tazama na mguu wa pili. Winga wa mguu mmoja hujulikana ndani ya mechi mbili, na ya tatu beki anamfungia njia moja tu.

Namba sita, kiungo mkabaji, ndiye anayedhulumiwa zaidi katika ubishi huu, kwa kuwa kazi yake haina bao. Kwake hesabu jambo moja ambalo wengi hawalitazami: kabla mpira haujamfikia, aligeuza shingo kuangalia nyuma? Anayegeuza mapema huupokea akiwa ameshajua pa kuupeleka, anagusa mara moja au mbili na umeondoka. Asiyegeuza hugusa mara nne, na katika mechi za vijana hana adhabu kwa sababu hakuna anayemfikia kwa haraka. Akipanda, kwenye mguso ule wa tatu ndipo anapoporwa, na kuporwa hapo ni goli. Hiyo ndiyo maana ya kijana kuonekana fundi Jumatano kwa vijana na kuonekana hajui mpira Jumamosi kwa wakubwa. Miguu ni ile ile, ila muda umekatwa.

Beki wa pembeni mwangalie wakati mpira uko upande wa pili. Akisimama anatazama mpira huku mtu amejificha mgongoni mwake kwenye nguzo ya mbali, umeshapata jibu. Beki wa kati msikilize: anapanga wenzake au yuko kimya? Kuruka vizuri na kupiga kichwa kunatosha chini. Juu mpira ule wa pili, unaodondoka baada ya kichwa, ndio unaouma.

Kipa asihukumiwe kwa idadi ya mashuti aliyookoa, maana kipa wa timu mbovu huokoa mengi. Tazama krosi alizotoka kuzifuata na alizobaki mstarini. Mkoa uliomtoa Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Taifa Stars, unajua kumtambua kipa, ila nafasi hii ni moja na haichezewi kwa kubadilishwa dakika ya 80, kwa hiyo subira yake ni ndefu kuliko ya wote.

Usisahau uwanja. Kwenye changarawe mpira hudunda vibaya na mpokeaji mzuri huonekana mzito. Masika yakishika, uwanja unaloa na mwenye pasi za chini anaonekana mvivu. Andika hali hiyo juu ya ukurasa kabla ya jina la mpinzani. Andika pia upande wa jua: huku kwetu linazama ziwani, na kipa anayetazama magharibi saa kumi na moja jioni anastahili kusamehewa krosi moja.

Sasa ndipo ujenge hoja. Sheria ngumu ya ubishi huu: usitaje anayeingia bila kutaja anayetoka. "Apangwe" si hoja. "Aanze badala ya winga wa kushoto, kwa sababu wa sasa harudi kukaba na beki wetu anaachwa peke yake" ni hoja. Halafu uliza anayetoka alikuwa anafanya nini kingine. Huenda ndiye mpiga kona, au ndiye mrefu anayekaba mtu kwenye mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Ukimtoa, kazi hiyo nani ataifanya? Hapa ndipo hoja nyingi za kijiweni hufa, na zinastahili kufa.

Hakikisha pia jina lake limo kwenye usajili wa kikosi cha wakubwa, au kwamba kanuni za msimu huo zinamruhusu kutumika. Wapo wanaobishana wiki nzima juu ya mchezaji ambaye hawezi hata kukaa benchi.

Na pendekeza njia ya kumpandisha. Mabadiliko yanayoruhusiwa ni matano, mchezo ukisimamishwa kwa ajili yake mara tatu tu, mbali na mapumziko, hivyo nafasi ya dakika 20 haikosekani. Nzuri ni mechi ya nyumbani timu ikiongoza, acheze namba aliyoizoea. Mbaya ni ugenini, timu iko nyuma, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwenda Dar es Salaam, aingizwe namba ambayo hajawahi kuicheza. Akiharibu hapo wenye kumpinga watasema "tuliwaambia", na ushahidi wao utakuwa hauna thamani yoyote, sawa na wa yule aliyemsifu kwa mechi moja.

Siku ukimwona anapasha misuli pembeni ya uwanja, fungua ukurasa mpya. Andika dakika aliyoingia, matokeo yalivyokuwa, na nani katoka. Vijiti ni vile vile vya kikosi B, ili ulinganishe.