Somo: NIPM, VIPM au GPM? Mpangilio wa vifurushi kwenye LabVIEW

Wadau wa Dodoma na jirani zetu wa Singida, swali la "nisakinishe ipi kati ya hizi tatu" limekuwa la kila wiki kwa wanaotumia LabVIEW, programu ya kuandikia programu kwa michoro, hasa za vipimo. Zote tatu husakinisha vifurushi, yaani mafungu ya faili za programu. Tatizo ni kwamba hazigombei kazi moja. NIPM (NI Package Manager) inahudumia kompyuta nzima, VIPM (VI Package Manager) inahudumia toleo moja la LabVIEW, GPM (G Package Manager) inahudumia mradi mmoja. Ukishika hilo, mengine ni kubofya tu.

Tuchukue mfano wa mradi wa kupima joto la mapipa ya mvinyo wa zabibu, kwa sensa na kadi ya USB ya kupokea data.

Hatua ya 1: NIPM. Inatoka kwa NI (National Instruments) wenyewe, waliotoa LabVIEW mwaka 1986. Ndiyo inayoleta LabVIEW na madereva (programu zinazoiunganisha kompyuta na kifaa) kama NI-DAQmx. Bila dereva, kadi yako ni plastiki. Faili zake huishia na .nipkg. Mzigo ni wa magigabaiti, kwa hiyo usithubutu kwa bando la siku. Penye waifai ya uhakika pakua faili la ISO (kisakinishi kizima ndani ya faili moja), liweke kwenye flashi, mgawane. Ondoa tiki kwenye nyongeza usizozihitaji.

Toleo la LabVIEW liitwalo Community ni bure tangu 2020, ila soma masharti: si la biashara, wala si la kufundishia au utafiti wa chuo kikuu. Kwa kazi za darasani tumia leseni ya chuo.

Hatua ya 2: VIPM, ya kampuni ya JKI. Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, maana maktaba nyingi za jamii (vipande vya programu vilivyoandikwa na watumiaji wenzetu), OpenG zikiwemo, zinapatikana humu. Faili ni .vip. Fungua LabVIEW kwanza, kisha VIPM, chagua toleo lako juu ya orodha, tafuta kifurushi, sakinisha.

Ikigoma kuunganika na LabVIEW, usiifute uanze upya kama wengi wanavyokimbilia. Ndani ya LabVIEW nenda Tools, Options, VI Server, sehemu inayoruhusu programu nyingine kuwasiliana nayo. Washa TCP/IP na uangalie namba ya poti (mlango wa mawasiliano), kwa kawaida 3363. Kwenye orodha ya mashine zinazoruhusiwa hakikisha localhost (kompyuta yako yenyewe) ipo. Halafu fungua mipangilio ya VIPM, uone kama namba ya poti ni ileile. Ukiwa na matoleo mawili ya LabVIEW, kila moja lipe poti yake. Fungua upya LabVIEW na VIPM.

Hatua ya 3: GPM. Inaweka vifurushi ndani ya folda ya mradi, kwenye gpm_packages, na kuandika orodha yake kwenye gpm.json. Mradi mmoja ukitumia toleo la zamani la maktaba na mwingine jipya, hazigusani. Vifurushi vyake ni vichache kuliko vya VIPM. Kwa anayeanza, binafsi naona iachwe kwanza.

MASWALI

Mkuu, nimesakinisha OpenG, nikaongeza LabVIEW mpya, sioni kitu kwenye paleti (menyu ya kuchagulia vitendakazi).
— VIPM husakinisha kwa toleo ulilochagua tu. Rudi kwenye orodha, chagua hilo jipya, sakinisha tena. La zamani halitaharibika.

Niko Kondoa, mtandao unasuasua. Naweza kuletewa .vip kwenye flashi?
— Unaweza. Bofya faili mara mbili, VIPM italifungua. Mwambie anayekuletea akuwekee na vifurushi linavyovitegemea, la sivyo utakwama katikati. Na kama kimejengwa kwa LabVIEW mpya kuliko yako, hakitakubali.

Tuko kikundi cha watu wanne, tutahakikishaje wote tuna vifurushi sawa?
— Mmoja wenu atengeneze faili la .vipc lenye orodha ya vifurushi na matoleo yake, mliweke pamoja na msimbo wa mradi. Wengine wanalifungua kwa VIPM na kulitekeleza. Madereva hayamo humo. Hayo kila mtu aweke kwa NIPM, toleo lilelile.