Jinsi ya Kupanga Ada ya Usanifu wa Jengo na Kuiwasilisha kwa Mteja

Ada ya usanifu huombwa kwa maandishi, kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Waraka unaobeba ombi hilo ni pendekezo la ada. Mteja akiwa taasisi ya umma, pendekezo huwa sehemu ya zabuni, na mara nyingi hutakiwa kufungwa katika bahasha yake, mbali na pendekezo la kitaalamu; akiwa mtu binafsi, barua yenye mchanganuo wa bei hutosha. Hesabu iliyo nyuma ya waraka ni ile ile, nayo ndiyo ambayo wasanifu wengi huiruka, wakaokota tu asilimia waliyoisikia kwa wenzao.

Anza kwa kusoma kanuni za bodi iliyokusajili, kwa sababu nchi hazifanani. Zipo zenye viwango vya ada vilivyowekwa kisheria, zipo ambazo viwango ni vya mwongozo tu, na zipo ambazo chama cha wasanifu hakiruhusiwi kuwapangia wanachama bei, kwani sheria za ushindani hulihesabu jambo hilo kuwa njama. Kanuni hizo pia hubadilika. Ujerumani ilikuwa na viwango vya chini na vya juu vyenye nguvu ya sheria, hadi mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua kwamba vinakiuka sheria ya Umoja huo; tangu 2021 majedwali yake ni ya mwongozo.

Baada ya hapo, chukua hadidu za rejea za mteja, yaani maelezo yake ya kazi anayoitaka, tembelea kiwanja, kisha andika mawanda ya kazi, yaani mipaka ya yale utakayofanya, kwa undani kuliko unavyodhani inahitajika. Taja idadi ya michoro mbadala ya awali, idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya ada, nani analipia upimaji wa kiwanja na uchunguzi wa udongo, iwapo ada za wahandisi na mkadiriaji majenzi zimo, na nani atafuatilia kibali cha ujenzi. Usimamizi usitajwe kijumla. Ziara 2 kwa mwezi kwa muda wa miezi 14 ni ziara 28; ikiwa kila ziara, pamoja na safari na kuandika ripoti, hula saa 6, hizo ni saa 168. Mkandarasi akichelewa miezi 4, zinaongezeka saa 48 ambazo hakuna atakayezilipa, isipokuwa pendekezo lako limesema kwamba ziara zinazozidi hulipiwa peke yake.

Mawanda yakishakamilika, kadiria saa za kila kazi na za kila mtu atakayeifanya, kisha tafuta gharama halisi ya saa moja. Hapa ndipo ofisi nyingi hujipunja bila kujua. Mwaka wa wiki 52 za saa 40 una saa 2,080, lakini ukitoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo huenda zikabaki 1,760, na katika hizo, zinazoweza kutozwa kwa mteja ni kama robo tatu, yaani 1,320. Zilizosalia huishia kwenye vikao vya ndani, kutafuta kazi na kuandaa mapendekezo kama hili. Tuseme mshahara na makato ya mwajiri kwa mfanyakazi mmoja ni 26,400 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote, na fungu lake katika pango, programu za kompyuta, bima na umeme ni 13,200. Jumla ya 39,600 ukiigawa kwa saa 1,320 unapata 30 kwa saa. Ongeza faida ya asilimia 20, utoze 36. Anayegawa kwa 2,080 hupata 19, huongeza faida ile ile, na hutoza chini ya 23 akiamini amepata, ilhali kila saa anayouza inamgharimu 30.

Zidisha saa kwa bei hiyo, weka akiba kidogo kwa yasiyotarajiwa, ndipo uchague namna ya kuieleza ada. Asilimia ya gharama za ujenzi imezoeleka sana, lakini ina kasoro ambayo mteja makini ataiona: msanifu anayepunguza gharama za jengo hujikata ada, na anayechagua vifaa ghali hujiongezea. Tena hospitali na ghala zenye gharama moja hazihitaji saa sawa hata kidogo. Ukiitumia, bainisha kama ni asilimia ya makadirio yaliyoidhinishwa au ya bei ya mkataba wa mkandarasi, na useme kwamba bei ya ardhi haimo. Binafsi naona ada isiyobadilika ndiyo bora pale mawanda yanapojulikana, na malipo kwa saa pale mteja anapokuwa bado hajajua anachotaka. Asilimia ibaki kuwa kipimo cha kuona kama jumla yako iko mbali mno na mazoea.

Kisha igawe ada kwa hatua za kazi. Jedwali la Ujerumani la majengo linatoa picha nzuri ya uzito wa baadhi ya hatua hizo: uchambuzi wa mahitaji asilimia 2, usanifu wa awali 7, usanifu wa kina 15, michoro ya utekelezaji 25, usimamizi wa ujenzi 32. Miradi mingi hukwama kabla ya kufika eneo la ujenzi, kwa hiyo kila hatua ilipwe inapokamilika, isisubiri inayofuata.

Katika barua yenyewe, tenganisha ada, kodi, na matumizi yanayorejeshwa kama safari na uchapaji wa michoro. Weka muda wa pendekezo kuwa hai, siku za kulipa ankara, haki yako ya kusitisha kazi malipo yakichelewa, na sharti kwamba mteja hupata ruhusa ya kutumia michoro akishailipia.

Mteja akiomba punguzo, mrudishie orodha ya mawanda mkakate kazi kwa pamoja: ziara chache, mchoro mbadala mmoja badala ya mitatu. Mkikubaliana, toa pendekezo jipya lenye tarehe mpya, mlisaini pande zote mbili, na usifungue faili la michoro hadi malipo ya awali yaingie.