Kupiga Picha za Wacheza Skeitibodi kwa Filamu, kwa Heshima ya Henri Cartier-Bresson

Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipenyeza lenzi katikati ya mbao za uzio, akampiga picha mwanamume aliyekuwa akiruka dimbwi la maji. Kisigino cha mtu huyo hakijagusa maji. Kati yake na sura yake iliyomo dimbwini imebaki nafasi nyembamba, na kwangu mimi uhai wote wa picha umo katika nafasi hiyo. Ninapomwona mtu ameruka na skeitibodi, yaani ubao mdogo wenye magurudumu, huitafuta nafasi hiyohiyo baina ya magurudumu na kivuli chake sakafuni. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuinasa kwa kufuata nidhamu ya mpiga picha za habari ninayemheshimu kuliko wote: kamera ndogo, lenzi ya milimita 50, na mwanga uliopo, bila flashi.

Hatua ya 1: Vifaa

Chukua kamera yoyote ya filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 50, na filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), kama vile Ilford HP5 Plus. Wengi wanaopiga picha za mchezo huu hupenda lenzi pana mno zinazopinda mistari na kumfanya mrukaji aonekane mkubwa kuliko mazingira yake. Nakushauri uziache nyumbani, kwa sababu hapa tunataka mtu, ukuta na watazamaji wawe na uzito unaolingana.

Hatua ya 2: Chagua mahali kabla ya mtu

Katika picha ya Cartier-Bresson ya Hyères, mji wa kusini mwa Ufaransa, ya mwaka huohuo wa 1932, ngazi zinazojipinda zinaliongoza jicho hadi barabarani, ambako mwendesha baiskeli anapita kwa kasi. Ukiondoa baiskeli, umbo la picha bado linasimama. Fanya vivyo hivyo: tafuta ngazi, vyuma vya kushikilia au ukuta wenye mistari inayopendeza hata pakiwa patupu, kisha usimame hapo uwangoje wachezaji. Waombe ruhusa kwanza, na kwa watoto uwaombe wazazi au walezi wao. Uliza pia ubao huchomokea upande gani mtu anapoanguka, ili usisimame kwenye njia yake.

Hatua ya 3: Pima mwanga na umbali mapema

Juani, weka kasi ya shata (pazia la kamera) 1/500, yaani sehemu ya sekunde, na upenyo (tundu la lenzi) wa f/16. Kwenye kivuli cha wazi, fungua lenzi hadi f/5.6 kwa kasi ileile. Fokasi nayo ipangwe kabla ya mchezo kuanza: kwa lenzi ya milimita 50 iliyofungwa f/11 na kulengwa mita 4, kila kitu kilicho kati ya mita 2.6 na mita 8.5 hivi kitatoka vizuri (kwa f/16 eneo hilo huwa kubwa zaidi, kwa f/5.6 huwa dogo), kwa hiyo hutahitaji kugusa pete ya fokasi tena. Mimi napenda kufanya kazi hii jua likiwa juu, ingawa wapiga picha wengi hulikimbia: wakati huo kivuli huangukia chini ya ubao moja kwa moja, na nafasi tunayoitafuta huonekana waziwazi.

Hatua ya 4: Sikiliza mkia wa ubao

Rola yangu ya kwanza ya mchezo huu ilikuwa na picha 36, na karibu zote zilionyesha magurudumu yakiwa yamekwisha kutua. Nilikuwa nangoja nione mruko ndipo nibonyeze. Kosa hilo hurekebishwa kwa masikio. Katika oli, yaani mruko wa msingi, mchezaji hukanyaga mkia wa ubao kwa mguu wa nyuma, nao hugonga sakafu kwa mlio mkavu. Akiruka sentimita 45, atafika kileleni baada ya takribani sehemu tatu za kumi za sekunde, na kidole chako, tangu kusikia hadi kubonyeza, hula sehemu kubwa ya muda huo. Basi bonyeza kwa mlio, usingoje macho yathibitishe. Ikiwa kamera yako ina kioo kinachoinuka, zingatia kwamba tukio uliloliona ndani ya kitundu cha kutazamia halikuingia kwenye filamu, kwa kuwa wakati wa kupiga kitundu huwa giza.

Mtazame mchezaji yuleyule mara nne au tano bila kupiga. Utaona kwamba kabla ya kuruka hukunja magoti na kusogeza mguu wa mbele, na mwili wako utaanza kuujua mwendo wake. Kisha piga picha moja tu kwa kila mruko.

Hatua ya 5: Mwendo uliofifia

Kwa picha ya aina ya Hyères, nenda kivulini, weka 1/60 na f/16, kisha uishike kamera imara ili ngazi zitulie na mchezaji afifie kidogo.

Hatua ya 6: Kusafisha filamu

HP5 Plus iliyopigwa kwa ISO 400 husafishwa kwa dakika 7 na nusu katika dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji zaidi, kwa nyuzijoto 20. Ikiwa mwanga ulikuwa hafifu ukapima filamu kama ISO 1600, muda ni dakika 14. Chembe zitaonekana zaidi na vivuli vizito vitapoteza maelezo, jambo linalofaa ukuta lakini si uso wa mtu mwenye kofia.

Hatua ya 7: Kuchagua

Chapisha rola nzima kwenye karatasi moja, kisha uikague kwa kioo cha kukuzia. Usianze na uso wala urefu wa mruko. Anza chini, penye magurudumu na kivuli. Palipo na ukanda mwembamba wa mwanga kati yake, weka alama kwa penseli nyekundu, halafu ndipo uangalie mengineyo. Usikate kingo. Cartier-Bresson alitaka picha zake zichapishwe nzima, na ile ya Saint-Lazare ni miongoni mwa chache zilizokatwa, kwa sababu ubao wa uzio uliziba upande mmoja. Nakala ya kwanza mpelekee aliyeruka.