Jinsi ya kutengeneza zhen xian bao, kitabu cha karatasi cha kutunzia nyuzi za kutarizi

Wanawake wa Miao, Dong na Yi wa kusini-magharibi mwa China, hasa Guizhou, Guangxi na Yunnan, wametunza nyuzi zao za hariri na vielelezo vya kutarizi ndani ya vitabu hivi vya karatasi. Kikifungwa ni bapa kama daftari. Ukikifunua unaona visanduku vidogo vya mraba, ukiviachanisha unakuta kisanduku kipana chini yake, na chini ya hicho kuna kingine kikubwa zaidi. Mwongozo huu unatoa kitabu cha vyumba 11: vidogo 8 vya kusokota, viwili vya kati na kimoja kikubwa.

Karatasi na gundi

Karatasi ya asili ni ile ya magome ya mti wa jamii ya mforosadi, kama inayotengenezwa kwa mikono kijijini Shiqiao, wilaya ya Danzhai, Guizhou. Ni laini, ina nyuzinyuzi ndefu, na haikatiki kwenye mkunjo hata ukiufungua na kuufunga kwa miaka. Usipoipata, A4 ya kawaida ya gramu 80 inafaa kabisa. Manila usiitumie: ni ngumu, hupasuka kwenye mishazari na kitabu hakilali.

Unahitaji A4 tano na A2 moja. Gundi iwe ya unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, koroga motoni hadi iwe uji mzito, iache ipoe. Gundi nyeupe ya mbao hushika upesi mno; ukiweka kisanduku upande milimita mbili, huwezi tena kukisogeza. Ya fimbo huachia baada ya miezi michache.

Kuchora mikunjo tumia kalamu iliyokwisha wino na rula ya chuma.

Visanduku vya kusokota

Kata vipande 8 vya sentimita 27.8 × 6.8, kila A4 inatoa vitatu. Urefu huo ni pande nne za sentimita 6.8 na ulimi wa gundi wa milimita 6 upande wa kulia. Fanya hesabu kwa 6.8, wala usiikadirie kuwa 7, kwa sababu tabaka zikipandana karatasi hunenepa na visanduku vitaanza kusukumana.

Chora mstari wa katikati kwa urefu wa kipande, sentimita 3.4 kutoka kila ukingo, kisha mistari minne ya wima kila sentimita 6.8, wa mwisho ndio unaotenga ulimi. Sasa mishazari, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Katika kila upande, nusu ya juu, chora mshazari kutoka kona ya kushoto kwenye mstari wa katikati hadi nukta ya kati ya ukingo wa juu. Ni pembe ya digrii 45 kamili, kwa kuwa 3.4 ni nusu ya 6.8. Ukimaliza pande nne, geuza kipande juu chini na urudie vilevile. Mishazari yote ya nusu moja lazima ielekee upande mmoja. Mmoja tu ukielekea kinyume, kisanduku hakitasokoteka hata ukilazimisha. Kitajikunyata na kupasuka.

Mistari ya wima ikunje itokeze nje. Mishazari ikunje izame ndani. Mstari wa katikati utokeze nje. Kunja kila mmoja kikamilifu kabla ya kubandika chochote, kisha ufungue.

Ulimi una tatizo lake. Ukibandikwa ndani ya upande wa kwanza, hupita juu ya mwanzo wa mshazari wa nusu ya juu, na karatasi mbili zilizoshikana hapo hazikunjiki vizuri. Dalili yake ni kona moja inayobaki imeinuka wakati tatu zimelala. Dawa ni kukata pembetatu ndogo ya ulimi iliyo chini ya mshazari huo. Ulimi wa nusu ya chini hauhitaji kukatwa. Paka gundi nyembamba sana, bandika, subiri ikauke, kisha upitishe tena mikunjo ya kona hiyo.

Sasa una bomba la mraba. Kusokota: bana kona nne za wima kwa vidole vinne, vyote kwa pamoja, na uzungushe polepole kuelekea upande ambao mishazari inataka kwenda. Usilaze kona moja moja. Ukifanya hivyo, ya nne haitapata pa kuingia, kwa sababu kila pembe hulala juu ya jirani yake na ile ya mwisho lazima iingie chini ya ile ya kwanza. Zikisokotwa pamoja hujipanga zenyewe, na ncha nne hukutana katikati kama mapanga ya feni. Anza na chini, ukandamize kwa ukucha, utie tone la gundi kati ya tabaka. Juu usitie gundi; hapo ndipo mlango.

Kisanduku kilichofanikiwa hufunguka ukivuta juu kingo mbili zinazokabiliana, na hujifunga ukikibonyeza katikati.

Visanduku vya kati (viwili)

A4 iliyopunguzwa hadi 28.4 × 20.2. Kunja pindo la sentimita 3 juu na chini, kisha milango ya sentimita 7.1 kushoto na kulia ikutane katikati. Fungua, chora mshazari wa digrii 45 kutoka kila kona ya kitako, uzifinye kuta zisimame.

Kikubwa

Kutoka A2, kata 58.8 × 22.6. Kutoka kushoto: mlango 14.4, kitako 14.4, mgongo 1.2, kitako 14.4, mlango 14.4. Pindo ni sentimita 4, na kona ni kama za visanduku vya kati. Usiuache mgongo, bila huo kitabu hupasuka katikati kikijaa nyuzi.

Kuunganisha

Anza juu kwenda chini. Bandika vitako vya visanduku vidogo viwili kwenye kila mlango wa kisanduku cha kati, ukiacha nafasi ya milimita 1.5 hadi 2 pande zote. Kisha kila kisanduku cha kati juu ya mlango mmoja wa kikubwa. Paka gundi kwenye kitako cha kinachokaa juu peke yake, na usifike ukingoni; ikivuja kwenye mwanya wa milango, chumba cha chini kimefungwa daima. Weka karatasi ya nta ndani ya kila mlango kabla ya kukandamiza.

Jalada ni kitambaa cha pamba, cha nili ukikipata, kikubwa kidogo kuliko vitako viwili na mgongo kwa pamoja. Kibandike kitabu kikiwa kimefungwa nusu, ili mgongo upate nafasi ya kupinda. Kandamiza chini ya vitabu vizito usiku kucha, na usitie uzi wowote hadi karatasi ikauke kabisa, maana unyevu wa gundi huchujisha rangi ya hariri.